Msifute chuo cha ufundi kabla hamjaziona meza zake za kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne yakishatoka na dirisha la kubadilisha tahasusi na kozi kwenye mfumo wa Selform likafunguliwa, hunijazia karakana wazazi badala ya redio mbovu. Mimi ni fundi wa elektroniki hapa Ngamiani, Tanga, na kazi hii nimeishika kwa zaidi ya miaka 30. Kwa kuwa watu wa mtaani wananijua hivyo, mtoto yeyote aliyewahi kufungua redio ya babu yake akashindwa kuifunga huletwa kwangu ili niseme akasome wapi: aende kidato cha tano na baadaye chuo kikuu, au aende chuo cha ufundi akachukue stashahada.

Mwaka huu aliyenifikirisha zaidi ni mama mmoja jirani, muuza vitenge, aliyekuja na binti yake na karatasi ya matokeo iliyokunjwa mara nne ndani ya pochi. Binti amepata daraja la pili la pointi 19, Fizikia B, Kemia C, Hisabati C, na katika machaguo yake alikuwa ametanguliza kozi ya elektroniki na mawasiliano ya simu katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ile ambayo sisi wa zamani bado tunaiita Dar Tech. Mama alitaka niseme neno moja tu. "Shikamoo mzee," akaniambia, "naomba umwambie mjukuu wako huyu afute hicho chuo cha ufundi, aende fomu faivu kama wenzake. Amefaulu, akasome na waliofeli kwa sababu gani?"

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonitia kalamu mkononi, kwa sababu nimeyasikia kwa walimu, kwa wajumbe wa bodi za shule, na hata kwa watu waliosoma ambao mishahara yao inalipwa na kazi za mafundi. Katika vichwa vya wengi wetu neno "ufundi" ni kapu moja ambamo hutupwa kila asiyekwenda kidato cha tano, kuanzia kijana anayejifunza kubadilisha kioo cha simu chini ya mwavuli hadi yule anayesimamia mitambo ya kurushia matangazo.

Katika fani hii kuna ngazi tatu, na kila ngazi ina mlango wake. Yuko fundi stadi, ambaye huandaliwa na vyuo vya ufundi stadi, vikiwemo vile vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Huyu ndiye mwenye mkono wa kazi, anayefunga, anayelehemu, anayetengeneza. Yuko fundi sanifu, mwenye stashahada ya miaka mitatu baada ya kidato cha nne, ambaye anapaswa kusoma mchoro wa sakiti, kupima, kutafuta chanzo cha hitilafu na kusimamia mafundi stadi. Kisha yuko mhandisi, mwenye shahada ya miaka minne, ambaye anabuni mfumo na kubeba dhamana ya ubunifu huo. Binti yule alikuwa ameomba ngazi ya pili. Mama yake alidhani ameomba ya kwanza, na hata ya kwanza yenyewe aliidharau bila haki, maana fundi stadi mzuri mjini Tanga hakosi mlo.

Anayedhani vyuo vya ufundi vilianzishwa ili kuwahifadhi walioshindwa, aangalie miaka. Dar Tech ilianza mwaka 1957, kabla ya uhuru, wakati kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973, miaka 16 baadaye. Chuo cha Ufundi Arusha kilianza mwaka 1978 kwa msaada wa Wajerumani, na cha Mbeya, ambacho leo ni chuo kikuu kamili cha sayansi na teknolojia, kilianza mwaka 1986 kikiwa chuo cha ufundi. Dar Tech nayo iligeuzwa kuwa taasisi kwa sheria ya mwaka 1997 na sasa inatoa shahada ndani ya uzio uleule inamotolewa stashahada.

Turudi kwenye hesabu, kwa sababu wazazi wengi huamua jambo hili kwa hisia na hawajawahi kuketi na kalamu. Mtoto anayekwenda kidato cha tano kwa tahasusi ya PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, atatumia miaka 2 kufika kidato cha sita na miaka 4 chuo kikuu, jumla 6. Mtoto anayekwenda chuo cha ufundi atatumia miaka 3 kupata stashahada, na akitaka shahada atatumia kwa kawaida miaka mingine 4, jumla 7. Tofauti ni mwaka mmoja. Kwa mwaka huo mmoja yule wa pili anakuwa na cheti cha kazi akiwa na umri wa miaka 20 hivi, anaweza kusimama akafanya kazi kabla ya kuendelea, na anapoingia chuo kikuu anakuwa ameshaunguza transista za kutosha kujua kwamba kinachoandikwa ubaoni ni kitu kinachoshikika.

Ipo pia hesabu ya kuanguka, ambayo wazazi hawapendi kuigusa. Stashahada ya ufundi imegawanywa ngazi kwa ngazi: mwaka wa kwanza ni NTA (tuzo ya taifa ya ufundi) ngazi ya 4, wa pili ni ya 5, wa tatu ni ya 6, na kila ngazi ina cheti chake kinachotambuliwa na baraza linalosimamia elimu ya ufundi, NACTVET. Mtoto akiugua, akikosa ada, au baba akifariki katikati ya safari, hatoki mikono mitupu. Kidato cha sita hakina huruma hiyo. Aliyesoma PCM miaka miwili akapata matokeo mabaya anarudi nyumbani akiwa na cheti cha kidato cha nne kilekile alichoondoka nacho, na wengi wao ndio huja kuomba nafasi ya stashahada wakiwa wamechelewa miaka miwili, wakikaa darasa moja na wadogo zao. Nimewapokea vijana wa namna hiyo kwenye mafunzo kwa vitendo, na wanapoulizwa umri wao huinamisha macho.

Sasa nieleze kisa cha mezani kwangu, maana bila kisa hiki ningekuwa nawatetea wa chuo cha ufundi kwa ushabiki.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na vijana wawili wa mafunzo kwa wakati mmoja, mmoja wa mwaka wa tatu chuo kikuu na mwingine wa mwaka wa pili wa stashahada. Kililetwa king'amuzi kisichowaka. Taa yake ilikuwa inakonyeza tu, inakonyeza, kisha kimya. Yule wa chuo kikuu alikuwa msafi wa kazi kweli. Alichukua mita, akaitoa kapasita ya kuchuja, kile kikopo kinachohifadhi umeme na kuutuliza, kwenye upande wa pawa, iliyoandikwa maikrofaradi 1,000, akaipima na kupata 930. Akaniambia kapasita ni nzima kwa sababu tofauti iko ndani ya kiwango kinachoruhusiwa, na kwa kitabu alikuwa sahihi. Akahamia kwenye chipu, akakaa nayo siku mbili. Yule wa stashahada alipopita na kuona kichwa cha kapasita kimeinuka kidogo, kiasi cha unene wa kucha, alicheka, akaitoa, akaweka nyingine aliyoitoa kwenye bodi ya zamani, na king'amuzi kikawaka. Dakika kumi. Nusura nitoe hotuba siku ile kuhusu ubora wa vyuo vya ufundi.

Namshukuru Mungu sikuitoa, kwa sababu baada ya wiki sita mwenye king'amuzi alirudi nacho kikiwa kinakonyeza vilevile. Kijana wa stashahada akabadilisha tena kapasita, na alikuwa tayari kuibadilisha mara ya tatu na ya nne kama mteja angevumilia. Yule wa chuo kikuu ndiye aliyegoma. Aliwasha osiloskopu yangu kuukuu, chombo kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo, akaangalia mstari wa volti 12, akaona mawimbi yanayopanda na kushuka makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, kisha akachukua karatasi. Pawa za siku hizi, alimweleza mwenzake, hukatakata umeme kwa kasi kubwa, kwa hiyo kapasita ya kuchuja haipimwi kwa ujazo wake peke yake. Hupimwa pia kwa ukinzani wake wa ndani. Mkondo wa mawimbi ukiwa ampea 1 na ukinzani wa ndani ukiwa nusu omu, nusu wati ya joto inazaliwa ndani ya kikopo kidogo kama ncha ya kidole. Ukinzani ukiwa sehemu ya kumi ya huo, joto nalo linakuwa sehemu ya kumi. Zaidi ya hayo, kapasita aliyoiweka mwenzake ilikuwa ya kuvumilia nyuzi 85 wakati iliyotoka kiwandani iliandikwa 105, na kwa kapasita za aina hiyo kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa takriban nusu. Tukaagiza inayofaa kutoka Kariakoo. Kile king'amuzi sijakiona tena hadi leo.

Nimekisimulia kwa urefu kwa sababu wazazi huniuliza "kipi bora" kana kwamba wananunua friji. Yule wa stashahada aliona kwa jicho kitu ambacho mwenzake hakufundishwa kukiangalia, na yule wa shahada alijua kwa nini kitu hicho kinakufa. Mwajiri mwenye akili anawataka wote wawili. Lakini swali la mama jirani halikuwa mwajiri anamtaka nani. Lilikuwa binti yake aanzie wapi, na hapo nina msimamo. Mtoto mwenye C ya Hisabati na B ya Fizikia, anayependa kushika vitu, ambaye nyumbani kwao hakuna fedha za kumngoja miaka sita bila kipato, aanzie chuo cha ufundi. Mtoto mwenye A ya Hisabati na ya Fizikia, anayependa hesabu kwa ajili ya hesabu yenyewe, na ambaye ndoto yake ni kubuni chipu au mifumo ya mawasiliano, aende PCM na asipotezewe muda. Huyo Kijitonyama, kwenye ndaki ya teknolojia ya habari na mawasiliano ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inamfaa zaidi kuliko karakana yangu. Walio katikati ni wengi, na hao ndio wanaosukumwa kidato cha tano kwa aibu ya wazazi.

Msimamo huu haukunijia bure. Mimi mwenyewe nilipita njia ya ufundi tangu sekondari, nikahitimu cheti cha fundi sanifu kamili, kile tulichokiita FTC, mwaka 1991. Niliajiriwa katika taasisi moja ambayo sitaitaja, nikatunza mitambo yake miaka 11. Katika miaka hiyo waliletwa wahandisi vijana watatu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja nikimfundisha mitambo ilipo, swichi ipi haiguswi mvua ikinyesha, na mlinzi yupi ana funguo za jenereta, na kila mmoja baada ya mwaka akawa bosi wangu. Niliposhtaki nikaambiwa muundo wa utumishi ndivyo ulivyo. Nilikasirika, na hasira ile ilinipeleka chuo kikuu nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nikikaa na vijana wa umri wa wapwa zangu.

Huko ndiko nilikojua kwamba wale vijana watatu walikuwa na kitu ambacho mimi sikuwa nacho. Muhula wa kwanza hesabu zilinikalia kooni. Namba changamano nilikuwa nimezisikia tu; mabadiliko ya Laplace yalikuwa kwangu kama lugha ya majini. Waliotoka kidato cha sita walikuwa wameshafanya kalkulasi kwa miaka miwili, wanaiandika huku wanaongea, na mimi ninayejua kutengeneza transmita usiku kwa tochi nilikuwa naomba msaada kwa mtoto ambaye hajawahi kushika chuma cha kulehemu. Nilifaulu, ila kwa jasho. Tangu hapo kila kijana wa stashahada anayepita kwangu namwambia jambo moja hadi anichoke: usiache hesabu. Tafuta vitabu vya hisabati vya kidato cha tano na sita, fanya maswali jioni, hata kama chuo chako hakikudai. Vyuo vikuu vinapokea wenye stashahada, na kigezo cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu ni GPA, yaani wastani wa alama za stashahada, ya 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, lakini kupokewa ni mlangoni tu. Wengi huachia njia muhula wa pili, na ninaamini hesabu ndiyo inayowaondoa.

Jambo jingine ambalo vijana wa stashahada hawaambiwi mapema ni kuhusu jina. Stashahada, hata iwe ya GPA ya 5.0, haimfanyi mtu kuwa mhandisi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inasajili mafundi sanifu kwa daftari lao na wahandisi kwa lao, na hata mwenye shahada huanza akiwa mhandisi mhitimu, akapitia mafunzo ya vitendo chini ya usimamizi, ambayo mpango wa bodi umeyapangia miaka 3, ndipo aombe kuitwa mhandisi mtaalamu. Kwa hiyo kijana anayetaka kuweka sahihi kwenye michoro ajue tangu siku ya kwanza kwamba stashahada kwake ni kituo cha kupakia abiria, mwisho wa reli uko mbele. Anayetaka kuwa fundi sanifu maisha yake yote naye asione haya, mradi amechagua mwenyewe, hakuachwa na basi.

Kuhusu fedha nitapita haraka. Kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali hakina ada tangu mwaka wa masomo 2022/23, na hili limewavuta wazazi wengi upande huo, jambo ninalolielewa. Lakini mikopo ya Bodi ya Mikopo, ambayo zamani ilikuwa ya wa shahada peke yao, tangu 2023/24 inawafikia pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, kwa hiyo hoja ya kwamba chuo cha ufundi ni cha wenye fedha haina nguvu iliyokuwa nayo wakati wangu. Mzazi asome mwongozo wa mwaka husika kabla ya kukata tamaa, na asiusome kwa kuambiwa na dereva wa bodaboda.

Kuhusu kazi nitakaa kidogo, maana hapa ndipo fikra za wazazi zimebaki miaka ya redio za mbao. Wanapomwona fundi wa elektroniki wanaona mtu anayetengeneza televisheni, na wanajua televisheni za siku hizi zikiharibika hubadilishwa bodi nzima. Ni kweli, kazi hiyo inapungua, hata mimi naiona kwenye daftari langu la mapato. Lakini treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 inakwenda kwa umeme wa kilovolti 25, na kuanzia injini yake hadi taa za ishara reli nzima imejaa elektroniki ambayo lazima ipimwe na mtu. Viwanda vya saruji hapa Tanga vinaendeshwa na vidhibiti vya PLC, yaani kompyuta ndogo za kuongozea mashine. Mtu anayejua kuunganisha kompyuta yake na kidhibiti hicho saa nane usiku, mkanda ukiwa umesimama na malori yamepanga foleni, hapangiwi bei. Mashine za hospitali, minara ya simu, inveta za sola zinazofungwa hadi visiwani, winchi za bandarini, vyote hivyo vinamtaka fundi sanifu kwa idadi kubwa kuliko mhandisi. Wahandisi wenyewe hupenda kutaja uwiano wa mhandisi 1 kwa mafundi sanifu 5 na mafundi stadi 25. Sisi tunajenga piramidi hiyo kichwa chini, kisha tunashangaa kwa nini mashine ya hospitali ya wilaya inakaa miezi imefunikwa shuka ikisubiri mtu kutoka Dar.

Yule mama alikuwa na hofu nyingine, aliyoitoa baada ya kumtuma binti nje akanunue maji. Alisema karakana ni mahali pa wanaume, na binti atasumbuliwa. Sikumdanganya kwamba hofu hiyo ni ya bure. Nilimwambia kwamba katika vijana wote niliowafundisha, mikono mitulivu zaidi kwenye kulehemu vijipande vidogo kama punje ya mchele ilikuwa ya wasichana wawili, na kwamba mmoja wao leo anatunza mashine za hospitali na haombi mtu nauli. Nilimwambia pia kwamba kabla ya kumruhusu aende aulize chuo kina bweni la wasichana au hakina, na nafasi zake ni ngapi, kwa sababu usumbufu mwingi huanzia kwenye chumba cha kupanga, wala hauanzii karakanani.

Hilo linanifikisha kwenye jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko jina la chuo au la cheti, nalo ni meza. Nimewaona wenye stashahada ambao hawajawahi kugusa osiloskopu kwa sababu chuo kizima kina mbili na zimefungwa kabatini, na nimewaona wenye shahada ambao maabara yao ilikuwa ya kuangalia mwalimu akifanya huku wao arobaini wamezunguka kama watu wanaotazama ajali. Mtoto wa namna hiyo, atoke njia ipi, amepewa karatasi. Ndiyo maana nawaomba wazazi wafanye safari moja kabla ya dirisha kufungwa. Nendeni chuoni siku ya kazi, Jumanne au Jumatano, msiende siku ya mahafali. Ombeni kuonyeshwa maabara ya elektroniki. Hesabuni viti kwenye kila meza, kisha hesabuni mita. Angalieni ncha za vyuma vya kulehemu: zikiwa safi zinang'aa kama mpya, jueni havitumiki, zikiwa zimeliwa na kuwa nyeusi kwa kazi, hapo pana chuo. Muulizeni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mkuu wa idara akiwa hayupo karibu, mradi wake ni nini na vipuri alivinunua wapi. Akianza kueleza hamtaweza kumnyamazisha kama aliufanya mwenyewe. Kisha ulizeni anakokwenda kwenye mafunzo kwa vitendo na kwa wiki ngapi, na kama kozi hiyo imesajiliwa hadi NTA ngazi ya 6 au inaishia ya 5, kwa sababu vipo vyuo ambavyo tangazo lake barabarani linasema stashahada na usajili wake haujafika huko.

Kwa mamlaka husika ombi langu ni dogo. Mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka hutuonyesha jina la kozi, sifa za kujiunga, ada na idadi ya nafasi. Uongezewe safu mbili: idadi ya wanafunzi kwa kila meza ya maabara, na idadi ya saa za vitendo kwa juma. Takwimu hizo vyuo vinazo au vinapaswa kuwa nazo, kwa kuwa wakaguzi huzidai. Zikichapishwa, mama muuza vitenge ataweza kulinganisha Dar es Salaam na Arusha na chuo binafsi kilicho nyuma ya nyumba yake bila kuja kuniuliza mimi, na vyuo vyenye makabati yaliyofungwa vitalazimika kuyafungua. Shule za sekondari za mkondo wa amali, yaani wa kufundisha stadi za kazi, zinazoanzishwa sasa nazo ziwekewe kipimo hichohicho tangu mwanzo, kabla hazijazoea kufundisha ufundi kwa chaki.

Mama yule hakufuta chuo. Wala hakukubaliana nami moja kwa moja. Aliondoka akisema atazungumza na kaka yake aliyeko Moshi, ambaye ni mwalimu. Siku tatu baadaye binti alikuja peke yake na kuniambia kwamba mjomba amesema wapande basi waende Dar wakaone wenyewe, na kwamba wanaondoka Jumatatu usiku ili Jumanne asubuhi wawe pale. Aliniomba nimwonyeshe mapema osiloskopu inafananaje, asije akaonyeshwa kitu kingine. Nikamwekea kiti.

Wako,

Fundi wa elektroniki,
Ngamiani, Tanga